Nani Kawaambia Mwili Wake Umelala?

Mxiuu! Mzee, nimiminie kahawa, na hiyo drafti isimame kidogo. Leo nina neno.

Jana jioni wote mlikuwa hapa. Dada yangu alipita pale kwa kijana wa mizani, akavua kandambili, akapanda. Kijana, badala ya kumwacha asome mwenyewe, akapaza sauti kama dalali wa samaki Feri: "Tisini na tatu na nusu, mama!" Na kwenye benchi hili hili likatoka jibu: "Nyama uzembe hizo." Mkacheka. Dada akachomeka miguu kwenye kandambili, akashika njia, hata chenji yake hakusubiri.

Sikusema kitu jana. Hasira ilinikaba kooni, na mtu aliyekabwa hasikiki. Nimelala nayo, nimeamka nayo, sasa naitoa.

Nyama uzembe! Neno hili tunalitupa mjini kama maganda ya karanga. Mzembe nani? Yule anayeamka saa kumi alfajiri kufuata mboga Ilala, akafungua genge wewe hujanawa uso, akasimama mpaka magharibi? Tangu zahanati wamwambie presha imepanda, aache nyama ale mimea, huu mwezi wa tano, hajagusa nyama, samaki, yai wala maziwa. Kwenye harusi ya mtoto wa jirani alikula wali mweupe na kachumbari, sinia la pilau ya mbuzi likampita mbele ya macho. Nani kati yetu hapa anaweza hilo kwa siku mbili tu? Halafu yeye ndiye mzembe.

Alipoanza alikuwa na kilo 92. Jana 93 na nusu. Hapo ndipo penye uchungu, na hapo ndipo kila mmoja wenu alipogeuka daktari.

Fundi viatu, wewe ulisema metaboli yake imelala, kuna watu miili yao haichomi chakula. Nakuheshimu, kaka, lakini metaboli hailali. Metaboli ndiyo moyo kudunda, ini kuchuja, ubongo kufikiri, mwili kushika joto lake. Zaidi ya nusu ya nguvu tunayoipata kwenye chakula inakwenda kwenye kazi hizo, hata ukiwa umelala fofofo. Ikisimama, watu wanakwenda kununua sanda. Na mwili mkubwa unatumia zaidi kuliko mdogo, si pungufu. Muulize huyu wa bodaboda: pikipiki yake na lori vikiwa vimewashwa tu hapo barabarani, havijatembea hata hatua, kipi kinamaliza tangi mapema?

Na wewe wa bodaboda ulisema ni umri, kwamba ukipita arobaini mwili unafunga duka. Kila mtu anasema hivyo, hata mimi nilikuwa nasema. Mwaka 2021 jarida la Science lilitoa kazi ya watafiti waliokusanya vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia mtoto wa siku nane hadi mzee wa miaka 95. Wakiweka ukubwa wa mwili sawa, waliona kuanzia miaka 20 hadi 60 matumizi ya mwili hayashuki. Yanaanza kushuka baada ya 60, na hapo ni polepole, chini ya asilimia moja kwa mwaka. Dada yangu ana miaka 46. Duka lake liko wazi kama lilivyokuwa siku ya ndoa yake.

Akaja mwingine: "Basi akimbie ufukweni Coco kila asubuhi." Haya, hili lina jibu hapa hapa kwetu. Mmarekani mmoja, Herman Pontzer, alikwenda na wenzake kwa Wahadzabe, kule Ziwa Eyasi. Waliwapa watu 30 maji yaliyotiwa alama, yale ambayo ukiyanywa wataalamu wanapima mkojo wako siku kadhaa na kujua mwili umetumia nguvu kiasi gani. Wanaume wa Kihadzabe wanatembea kama kilomita 11 kwa siku kufuata mnyama na asali, wanawake kama 6, wanachimba mizizi juani. Wengi walitarajia wawe wanachoma zaidi ya mtu wa ofisini Marekani. Matokeo yalipotoka 2012, ukizingatia ukubwa wa miili yao, walikuwa sawa! Maelezo yake ni kwamba mwili una akili ya kubana matumizi: ukiuchosha huku, unapunguza kule. Kutembea kunamfaa dada kwa presha, kwa sukari, kwa usingizi, na nitamhimiza atembee. Lakini kumwambia mtu anayesimama saa kumi na mbili gengeni kwamba tatizo lake ni kutokukimbia, hapana. Nasonya.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi kwamba miili yote ni sawa. Iko inayokwenda taratibu kweli. Tezi ya hapa shingoni, dundumio, ikichoka, mwili wote unapoa: mtu anasikia baridi wenzake wakijipepea, ngozi inakauka, choo kinakuwa kigumu, nywele zinakatika, uchovu hauishi. Wanawake wanapatwa na hili mara nyingi kuliko sisi. Linapimwa kwa damu, kipimo kinaitwa TSH, na dawa ipo, kidonge cha kila siku. (Na kidonge hicho hakimezwi na kahawa, Mzee, kahawa inakizuia kisiingie mwilini. Kinamezwa na maji, tumbo likiwa tupu.) Hata hivyo madaktari wa tezi wenyewe wanasema uzito unaoletwa na ugonjwa huo kwa kawaida ni kilo mbili hadi tano hivi, na sehemu kubwa ni maji na chumvi. Leo asubuhi nimempeleka dada akatoa damu. Majibu bado. Kuna dawa pia zinazoongeza mwili, na sindano ya uzazi wa mpango kwa baadhi ya wanawake, ndiyo maana mtu anaulizwa yote na muuguzi, faraghani, si kwenye benchi.

Na hata bila ugonjwa, chukua wanawake wawili, urefu mmoja, uzito mmoja, umri mmoja. Mmoja anaweza kutumia kalori mia mbili au mia tatu pungufu ya mwenzake kwa siku. Hiyo ipo. Huyo ndiye mwenye mwili uliolala mnayemsema. Sasa nataka mjue kalori mia mbili na arobaini zinafananaje. Ni vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya kupikia. Basi. Hilo joka lote mnalolitisha nalo watu, "mwili wake umelala", urefu wake ni vijiko viwili vya mafuta.

Najuaje? Jana usiku nilimfuata nyumbani kwake.

Nilimkuta jikoni, macho mekundu, hakuniambia alikuwa analia na mimi sikuuliza. Akasema, "Mdogo wangu, mimi nifanye nini tena? Nile nini, hewa?" Nikamwambia, dada, pika kama unavyopika siku zote, mimi nikae hapa nikutazame. Akapika. Kisamvu kilichotwangwa, tui la nazi nzima, karanga za kusaga. Mchicha wa kukaanga. Ugali wa sembe. Pembeni parachichi, maana aliambiwa ni zuri kwa wasiokula nyama. Jiko lile halikuwa na hata tone la mnyama. Mboga tupu, mimea mitupu, na amefanya kila alichoambiwa.

Wenzangu, huko ndiko tulikomdanganya. Tulimwambia "kula mimea". Mafuta ya alizeti ni mmea. Sukari ni mmea. Sembe ni mmea. Mihogo ya kukaanga anayoivunjia njaa gengeni saa nne, mmea. Juisi ya miwa ya pale kona, mmea. Hii kashata mnayoibugia na kahawa, karanga na sukari, mmea na mmea! Hakuna mtu aliyemwambia kwamba nyama ya nazi moja ya wastani ina kalori kama 1,400, na kwamba unapoikamua, mafuta yake mengi ndiyo yanayokuja kwenye tui. Hakuna aliyemwambia konzi moja ya karanga inakaribia 170.

Nikachukua kijiko cha chakula, nikamwomba amimine mafuta ya mchicha kwanza kwenye kijiko kabla hayajaingia kwenye sufuria. Mkono wake umezoea, unamimina kama alivyomimina mama yetu. Vilitoka vijiko sita. Kwa mafungu matatu ya mchicha! Kijiko kimoja kile kina kalori karibu 120. Nusu kilo ya mchicha wenyewe ina hizo hizo. Kwa hiyo ndani ya sufuria ile, mboga ilikuwa mgeni, mwenye nyumba alikuwa mafuta. Nikamuuliza dumu la lita tano linakaa muda gani. Akasema wiki tatu, na wao wako wanne. Tukapiga hesabu kwenye simu yake: kalori zaidi ya 40,000 ndani ya dumu, gawanya kwa siku 21, gawanya kwa watu wanne. Karibu 480 kwa kila mmoja kila siku, mafuta peke yake. Toa yanayobaki kikaangoni, bado ni mengi. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe siku zote ni hiki."

Sitaki mtu anisikie nasema dada yangu alikuwa anadanganya. Hili lina historia. Mwaka 1992 madaktari wa New York waliandika kwenye New England Journal of Medicine habari za watu kumi waliokuwa wanalalamika kama yeye: tunakula kidogo, hatupungui, miili yetu ina kasoro. Walipopimwa, metaboli zao zilikuwa za kawaida. Lakini walivyokuwa wakiandika walichokula, walikuwa wanakosa karibu nusu yake, asilimia 47. Wapo waliosoma habari ile wakasema: waongo hao. Mimi nasema aliyesema hivyo hajawahi kupika. Mafuta hayaonekani kwenye sahani. Sukari ikishayeyuka kwenye chai haihesabiki. Chai ya rangi vikombe vinne, vijiko vitatu vya kujaa kila kikombe, gramu 60 za sukari zimepita na wewe unasema "leo sijala kitu, nimekunywa chai tu." Na ni kweli unavyoona. Shirika la Afya Duniani linataka tusivuke kama gramu 50 kwa siku nzima, na wewe umezimaliza kabla ya wali. Huo si uongo. Hakuna mtu aliyemfundisha kutazama.

Na mimea yenyewe ina nguvu, hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba alikuwa ameshika njia njema akaachwa katikati yake. Kule Bethesda, Marekani, Kevin Hall na wenzake waliweka watu 20 ndani kwa wiki nne. Wiki mbili wakala mimea yenye mafuta kidogo sana, wiki mbili wakala zaidi vyakula vya wanyama, mafuta mengi, wanga kidogo. Waliambiwa kuleni mshibe. Kwenye mimea walikula pungufu kwa karibu kalori 690 kila siku, na hawakulalamika njaa kuliko kwenye ile nyingine. Ilitangazwa 2021. Na Nyuzilandi, mji wa Gisborne, watu wanene wenye maradhi waliambiwa wale viazi, maharage, nafaka zisizokobolewa, mboga, matunda, mpaka washibe. Hakuna kuhesabu. Lakini waliambiwa pia waache mafuta ya kumimina, na karanga na maparachichi wayaepuke. Baada ya mwaka mmoja walikuwa wamepungua wastani wa kilo 11 na nusu. Hiyo ilitoka 2017. Mmeona pale palipo na "lakini"? Sehemu hiyo ndiyo haikumfikia dada yangu.

Sababu ni nyepesi. Tumbo linashiba kwa ujazo, kwa maji na nyuzinyuzi. Sahani ya maharage ya kuchemsha na matembele inalijaza tumbo kwa kalori chache. Chapati mbili zinaacha nafasi ya chapati ya tatu. Dona lina makapi yake na kiini chake, linakaa tumboni. Sembe limevuliwa nguo zote, linateleza, saa mbili baadaye unatafuta mandazi.

Kwa hiyo jana hatukubadilisha chakula, tulibadilisha mkono. Kijiko kimekaa juu ya dumu, viwili kwa sufuria, basi. Kisamvu atakipika kwa tui la nazi robo, karanga achague siku moja kati ya mbili. Maharage, kunde, choroko na dengu ziongezeke, kwanza kwa sababu zinashibisha, pili kwa sababu mtu anayepungua bila protini anapoteza misuli, na misuli ndiyo inayokula nguvu hata ukiwa umekaa. Akipoteza misuli, hapo ndipo mtamtengenezea huo mwili uliolala mnaousema. Sembe aligeuze dona polepole, shemeji asije akagoma. Chai kijiko kimoja. Na kidonge cha vitamini B12, maana hiyo mimea haina, awe amenenepa au amekonda, akikosa miaka miwili mitatu damu na mishipa ya fahamu vitamdai. Muuguzi aliyemwambia aache nyama hakumwambia hilo. Nalo linaniudhi.

Sasa nimekuja kwako, mwenye begi. Usiangalie chini. Jana baada ya dada kuondoka ulitoa pakiti, ukasema una chai inayoamsha metaboli, wiki mbili tumbo linakauka, na ulimfuata mpaka nyumbani kwake. Nimeiona mezani. Nimeisoma. Ina sanamaki. Sanamaki ni dawa ya kuharisha, bibi zetu waliijua na waliitoa kwa kipimo, kwa mtu aliyefunga choo. Anayeharisha anapoteza maji na chumvi. Chakula kimeshanyonywa juu kwenye utumbo mdogo kabla sanamaki haijafanya kazi yake kule chini. Mafuta ya mwilini hayatoki na choo. Mwanamke mwenye presha, anayemeza vidonge vya kukojosha, ukamuongezea na kuharisha, ukamkausha potasiamu yake, moyo wake ukacheza, wewe utakuwa mtaa gani siku hiyo? Ulichukua elfu ishirini yake. Hiyo ni siku tatu za kusimama gengeni. Utairudisha leo, na sikuombi.

Na wale wengine mliomshauri afunge wiki nzima kwa maji ya limao na tango, mjue hivi. Marekani kulikuwa na mashindano ya televisheni ya kupungua haraka, njaa kali na mazoezi ya kufa mtu. Kevin Hall huyo huyo aliwafuata washiriki 14. Miaka sita baadaye, wengi wao wakiwa wamenenepa tena, miili yao ilikuwa inatumia karibu kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa ukubwa wao. Mwili ulikuwa bado umejikunyata, kama mtu aliyewahi kuibiwa, kila usiku anakagua kufuli. Kwa hiyo metaboli inaweza kupunguzwa kweli, na mojawapo ya njia ni hiyo mliyompa kama tiba. Nusu kilo kwa wiki inatosha. Hata robo inatosha. Ana miaka mingi mbele, inshallah, haendi mashindanoni.

Kijana wa mizani, njoo. Usiogope, wewe ni mdogo wangu, sikugombezi. Kazi yako ni nzuri, watu wanajua hali zao kwa mia mbili tu. Lakini namba ile ni ya aliyepanda. Mgeuzie kioo, asome, ashuke. Ukimpigia mtu kelele ya kilo zake barabarani, kesho hapimi tena, na asiyepima ndiye anayezidiwa kimyakimya. Umeelewa? Haya, kunywa kahawa, nalipa mimi.

Na wewe uliyesema lile neno jana, nakujua na sitakutaja. Huyo anakuja, anatoka kufunga genge. Sogea kwenye benchi, mpishe akae.